Heko Asiyemwaga Oili

Dar es Salaam ina mfadhili mmoja mkubwa ambaye hajawahi kukata utepe wala kukabidhiwa cheti. Hana taasisi, hana ofisi. Ana Toyota ndogo ya mwaka 2004, rangi ya fedha, na chini ya usukani inaning'inia kadi aliyofungiwa na vijana wa kituo cha mafuta, inayosema oili imwagwe tena kilomita 142,000. Dashibodi inasoma 151,000 na ushee. Kadi imeshapauka, na mtoto wake wa mwisho ameichorea samaki. Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, na nyinyi mnaofuata kitabu cha gari ukurasa kwa ukurasa nawaomba mtulie mpaka nimalize. Nyinyi hamjamlisha mtu.

Tuhesabu basi. Anayemwaga oili kila kilomita 5,000 ananunua galoni la lita nne na filta, anamwachia kijana hela ya soda, anaondoka. Uchumi umeishia hapo. Lakini asiyemwaga! Oili ikikaa mno, dawa zilizochanganywa ndani yake za kusafisha na kuzuia kutu huisha nguvu, masizi hugandamana, na hatimaye tope zito huziba wavu wa pampu kule chini kwenye sampu. Beringi za krenki zinakauka. Injini inaanza kugonga, na ukarimu unaanza kumwagika. Analipwa mwenye gari la kuvuta. Analipwa fundi, na wasaidizi wake wawili ambao mshahara wao ni sahani ya wali na ahadi. Analipwa bodaboda anayetumwa Gerezani kufuata spea, akirudi na isiyoingia anatumwa tena Shaurimoyo. Yupo mchonga krenki mwenye mashine yake, yupo muuza injini za mtumba, na yupo mama ntilie anayewalisha wote hao siku nne mfululizo, maana injini haishushwi kwa njaa. Nairobi nako Kirinyaga Road yote inakula kwa baraka za watu wa aina hii. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta, wakadhani wametutisha. Hawakuuliza fundi mwashi angekula nini endapo kila ufa ungezibwa.

Wenye dharau husema ni ujinga: hajui kwamba gari linahitaji sevisi. Huo ni uzushi. Anajua sana. Mkalishe kijiweni atakueleza habari ya oili, ya plagi, ya tairi kipara, na atamshauri jirani yake kwa ukali kabisa asifanye mzaha na rejeta. Asilimia kubwa ya elimu ya magari mjini humu inashikiliwa na watu ambao kadi zao zimepitwa na kilomita elfu tisa.

Kinachomzuia ni akili ya fedha, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Jaribu kumpigia shemeji yako simu saa tatu usiku umwombe elfu themanini ya kumwagia oili. Atadhani umelewa. Sasa mwambie gari limezima Kibaha, mvua inanyesha, na mama mzazi yumo ndani. Hela itaingia kabla hujakata simu, tena na ya kutolea. Kikoba kina mfuko wa msiba na mfuko wa ugonjwa, lakini hakina mfuko wa filta. Bosi wako atakupa ruhusa ya nusu siku ukimwambia gari limekufa. Mwambie unalipeleka sevisi uone atakavyokutazama. Maisha yetu yamepangwa yaikimbilie dharura, na kwa jambo lisilotokea hakuna anayechanga. Mwenye busara hulisubiri litokee, akapata mchango, pole, na hadithi ya kusimulia ofisini Jumatatu. Aliyemwaga oili Jumamosi ana nini cha kusimulia?

Tena oili haionekani. Rimu za spoti zinaonekana, tinti inaonekana, viti vipya vya ngozi bandia vinaonekana, na muziki wa buti unasikika hadi mtaa wa pili. Nani amewahi kumwendea mtu ukumbini, harusini, akamshika bega na kumwambia, "Kaka, oili yako imetulia"?

Mkumbuke pia gari hilo lilimfikiaje. Alidunduliza miaka, akaagiza Japani, na meli ilipotia nanga akakuta anasubiriwa na ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, nyongeza ya uchakavu kwa kuwa gari lina umri, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla ya hayo yote. Alipotoka bandarini na ufunguo mkononi hakuwa na hata hela ya kuoshea gari. Hesabu yake ilikuwa ya kulipata gari, na ikaishia getini. Kulitunza ni somo jingine, halikuwemo kwenye ankara.

Na gari lenyewe lilikuja limedekezwa. Kule Japani kuna ukaguzi wa lazima uitwao shaken: gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama zake ni sababu mojawapo ya Wajapani wengi kuuza gari ambalo huku kwetu lina maisha mengine mawili mbele yake. Ukifungua mlango wa dereva huenda ukaikuta stika ndogo pembeni inayotaja kilomita za kumwaga oili, kwa Kijapani. Yule mama wa sauti ya kwenye dashibodi naye, kila gari likiwashwa, humwambia mwenye gari kwa upole kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa, kwa Kijapani pia. Miaka minne anamwambia. Miaka minne mwenye gari anaitikia, "Ahsante, mama."

Fundi wa mtaani alipolipokea gari alimalizia malezi. Jambo la kwanza alitoa themostati akaitupa, akasema hiyo ni ya nchi za baridi. Hoja ina utamu wake. Kifaa hicho huyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake, nyuzi 80 na kitu. Kikiondolewa, injini inakimbia ikiwa na baridi, kompyuta inaendelea kuimiminia petroli ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, na mwenye gari analaumu serikali kwa bei ya mafuta. Siku hiyohiyo kulanti ilimwagwa, yakatiwa maji ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi haikai chumba kimoja na alumini kwa amani. Lakini maji ni bure, na kitu cha bure kina heshima yake.

Mnauliza kwa nini haendi gereji kubwa? Hapa sitanii sana. Mtu anaingia na tatizo moja, anatoka na matano. Fundi anainama, anatikisa tairi, anasonya. "Bosi, bushi zimekufa. Shokapu nazo. Na hii bol joint, sijui hata umefikaje hapa." Labda anasema kweli, labda ana ada ya shule ya kulipa wiki hiyo, mwenye gari hana njia ya kujua. Akienda dukani mwenyewe anauziwa filta ndani ya boksi lenye jina kubwa, na kilichomo ndani kimetengenezwa na asiyejulikana. Mtu aliyelipia matengenezo mara mbili na gari likafa vilevile amejifunza kitu, hata kama alichojifunza si sahihi. Ni yuleyule anayeogopa kwenda kupima presha: kinachomtisha ni orodha atakayotoka nayo, na mwenye kipimo ndiye mwenye duka la dawa.

Kwa hiyo gari likisema naye, yeye husikiliza kwa adabu na kuendelea na safari. Taa ya njano ya injini imewaka tangu kabla ya Ramadhani iliyopita. Ameshaizoea, ingezimika angeshtuka. Ile nyekundu yenye picha ya birika ikiwaka, maana yake presha ya oili imeanguka na injini izimwe papo hapo. Yeye akiliona birika hukumbuka chai.

Njooni sasa kwenye safari za Krismasi, anapopakia familia kwenda Iringa. Barabara kuu inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Wageni hulipa dola kuingia mbugani humo. Yeye mkanda wa feni ukikatika hutazama bure, na watoto, na bibi, na kuku wawili, vioo vimepandishwa juu, saa baada ya saa. Ni wazazi wangapi wamewapa wanao muda wa kutosha wa kumchunguza nyati kwa utulivu kiasi hicho?

Mbele yake kuna mlima wa Kitonga. Wakati wa kupanda gari linachemsha, jambo ambalo ni la kawaida na lina utaratibu wake: boneti juu, jiwe nyuma ya tairi, dumu la maji, na mtu mmoja asiyesikia anayefungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Wakati wa kushuka ni zamu ya breki. Pedi nyingi za breki zina kipande kidogo cha chuma kilichowekwa makusudi kipige kelele zikikaribia kwisha. Aliyekibuni alidhani kelele itasikika. Hakujua habari ya redio. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyokwenda, na kwenye mteremko mrefu wenye kukanyaga sana yale yaliyochoka huchemka, pedali ikazama hadi chini bila kushika kitu. Hapa sauti yangu ya kusifu inakwama kidogo, nitapita haraka. Kuna watu walikuwa ndani ya magari mengine, wanakuja zao upande wao wa barabara, na hawakuwahi kuombwa wachangie ukarimu huu.

Turudi kwenye fadhila. Iliyo kuu huja siku ya kuliuza gari. Siku hiyo, mabibi na mabwana, anamwaga oili. Hasiti, haahirishi hadi mwisho wa mwezi, wala hakopi. Anaweka ile nzito, 20W-50, ya kuzima mlio wa kugonga wa injini na kupunguza moshi kwa wiki mbili tatu, na filta mpya juu. Injini inaoshwa kwa sabuni mpaka mabomba yang'ae. Fundi mwenye mashine anaifuta taa ya njano kwa bei ya soda mbili. Itarudi, lakini si leo. Mlio wa pedi unanyamazishwa kwa msasa. Dalali anapiga picha jioni jua likiwa limepoa, kisha anaandika: mmiliki mmoja tangu liingie nchini, A/C ya kufa mtu, halidaiwi, kuwasha na kuondoka, injini haijawahi kuguswa.

Mnunuzi anakuja Jumamosi amefuatana na mjomba wake anayejua magari. Mjomba anapiga teke tairi la mbele, anafungua boneti, anachomoa kijiti cha oili na kukifuta kwa kitambaa, anakirudisha, anakichomoa tena na kukiinua juani. Oili ni safi, rangi ya asali. Anaguna kwa kuridhika.

"Mjomba, lipia. Huyu bwana analitunza gari lake."