Makocha wa Kibanda Umiza

Tangu Alex Ferguson astaafu mwaka 2013, Manchester United imepita mikononi mwa David Moyes, Louis van Gaal, José Mourinho, Ole Gunnar Solskjær, Erik ten Hag na Rúben Amorim. Hela zimemwagika, makocha wametimuliwa. Kosa la wenye timu ni moja tu: hawajawahi kufika Manzese Jumapili jioni.

Pale kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira, juu ya mabenchi ya mbao, wamebanana makocha ambao hawajakosea hata siku moja. Huyu anajua nani alipaswa kutoka dakika ya 60. Yule aliliona goli linakuja tangu kipa anaanzisha mpira, ila alinyamaza kwa heshima. VAR, iliyoingia Ligi Kuu ya England mwaka 2019, inahitaji kamera lukuki ili iamue kama mtu ameotea. Wao wanaamua papo hapo, kwenye luninga yenye chenga, wakichungulia nyuma ya kichwa cha jirani.

Mshambuliaji akikosa penalti, utasikia: "Ile hata mimi na kandambili naweka!" Msemaji mwenyewe bado anahema, ametoka kukimbilia daladala.

Bei ya kila mchezaji wanaijua kwa pauni. Kinachowashinda ni kiingilio. Mwenye kibanda akiwakumbusha deni la msimu uliopita, benchi zima la ufundi humjibu kwa kauli moja: "Bosi, acha siasa, tuangalie mpira."