Jinsi ya Kuuingiza Mto Ndani ya Beseni

Ngungu, kusini mwa Masisi, Kivu Kaskazini, milima haikosi vijito, na kijito kikigonga mwamba hugeuka cheupe. Weupe huo ni hewa: maji yanayochafuka huimeza, na viputo hutawanya mwanga. Mwenye hamu ya kuutengeneza weupe huo uani kwake na afuate hatua hizi.

1. Kusanya vifaa. Bidoni la manjano la lita 20, beseni lililojaa maji, rula, na simu yenye kamera. Sabuni iachie nguo. Ikiingia majini, povu litakawia kupasuka nawe utadhani hewa ni nyingi kuliko ilivyo.

2. Mimina, ukipanda. Inamisha bidoni polepole lisije likagugumia. Anza sentimita 2 juu ya maji: uso utatikisika, viputo vitakuwa haba. Panda hadi sentimita 5. Maji sasa yanatua kwa kasi ya karibu mita 1 kwa sekunde, na kwenye kasi hiyo ndipo mkondo wenye msukosuko huanza kuzamisha hewa. Panda hadi mita 1: kasi inapita mita 4 kwa sekunde, na beseni lote linachemka weupe. Piga picha pale mkondo unapouchoma uso wa maji. Utaona kishimo chembamba kimeuzunguka. Huo ndio mlango wa hewa.

3. Punguza mto uwe mfano mdogo unaotosha besenini. William Froude, aliyejenga birika la majaribio Torquay, Uingereza, mwaka 1872, alituachia kanuni: urefu ukipungua mara 25, kasi ipungue mara 5. Basi poromoko la mita 1 linakuwa la sentimita 4. Mawimbi yatatii. Hewa itagoma, kwa kuwa kasi haijafika mita 1 kwa sekunde. Viputo navyo havipungui pamoja na mto: mvutano wa uso wa maji ni uleule bondeni na besenini, hivyo kiputo cha milimita 3 hubaki cha milimita 3.

4. Jaribu kompyuta badala ya beseni. Njia waliyoichapisha Hirt na Nichols mwaka 1981 huigawa nafasi katika vijisanduku, kisha hukadiria kila kimoja kina maji kiasi gani. Mita 1 ya ujazo ikigawanywa kwa milimita 1 hutoa vijisanduku bilioni 1, na kiputo cha milimita 2 bado hakijapata umbo. Kwa hiyo wahandisi huongeza kanuni ya ziada: penye msukosuko unaoushinda uzito wa maji na mvutano wa uso wake, hewa iingizwe.

5. Weka onyo juu ya kazi yako: mwendo wa maji uaminike, hewa ihakikishwe. Onyo hilo si la bure: Kivu Kaskazini ina vituo vya umeme wa maji. Kituo cha Matebe, kwenye mto Rutshuru, kilizinduliwa mwaka 2015. Kizingia cha maji kikivuta hewa mlangoni mwa bomba, mashine hupoteza nguvu. Kwenye mfereji wa kumwagia maji ya ziada, hewa hiyohiyo huilinda saruji isiliwe, lakini pia huyavimbisha maji. Fundi anayepima kwa beseni peke yake atajenga ukuta mfupi. Apime mtoni, msimu wa mvua, kisha ajenge ukuta unaotosha maji pamoja na hewa yake.