Mgongo Wangu na Mabingwa wa Mwigobero

Mgongo ukikuuma hapa mwaloni Mwigobero, Musoma, fanya siri. Ukishika kiuno hadharani mara moja tu, hata kama ulikuwa unatafuta hela mfuko wa nyuma, jopo la madaktari limeshakaa. Mimi niliguna wakati nainuka kwenye stuli yangu pale ninapouzia nyavu na kamba. Mguno mdogo, wa mtu mwenye umri wake. Kabla sijanyooka, kijana wa bodaboda alishatoa hukumu: "Mzee, hiyo mishipa imejikunja. Inataka kuchuliwa." Mpiga debe wa boti za Kinesi akampinga papo hapo. Kwake yeye, pingili ya mgongo imehama. Nikamuuliza imehamia wapi, Kinesi? Hakucheka. Alikuwa ameshanishika bega, anaitafuta.

Mama mmoja muuza dagaa ndiye aliyetaja masaji. "Baba, acha kuteseka, siku hizi mjini kuna masaji za kila aina." Akasema kwa sauti ya mwaloni, ile ya kushindana na injini za boti, kwa hiyo habari ilifika nyumbani kabla yangu.

Sasa, habari ya mume kwenda masaji haipokelewi vizuri katika nyumba nyingi, na wa kulaumiwa ni wale wanaobandika vikaratasi kwenye nguzo za umeme mijini, vyenye namba ya simu na ahadi ya kukufuata ulipo, mchana na usiku. Mke wangu aliniwekea chai, akakaa mbele yangu.

"Baba watoto, unakwenda kukandwa na nani?"

"Na mtaalamu."

"Wa kike au wa kiume?"

"Sijauliza."

"Kaulize kwanza, uje uniambie, ndipo uende."

Nilikwenda saluni ya kiume, ambako anayekanda ni kijana yule yule anayenyoa, na ushahidi huo ulikubaliwa. Saluni siitaji. Ukutani wametundika bango la aina za masaji, na chini yake faida: kuondoa sumu mwilini, kuongeza kinga, kupunguza kitambi, kurudisha nguvu za kiume, kung'arisha ngozi. Nilitafuta kama inaondoa na madeni. Labda nafasi iliisha.

Hilo la sumu ndilo linalonikera kuliko yote. Sumu ipi? Mbona haitajwi jina? Taka za mwili zinatolewa na ini na figo, usiku na mchana, na viungo hivyo havijawahi kunitaka hela ya soda. Kukandwa hakukamui sumu, hata ukandwe na trekta.

Aina zenyewe, nikiri, zina historia ya kueleweka. Ya kwanza kwenye bango ilikuwa ya Kiswidi: kupapasa kwa mafuta, kukanda nyama, kusugua, kisha kupigwapigwa kwa viganja. Sifa zake huenda kwa Pehr Henrik Ling, Mswidi aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813. Lakini aliyeupanga mtindo huo tunaoujua leo ni Mholanzi, daktari Johan Georg Mezger wa Amsterdam. Mtu wa Musoma ataelewa uchungu wa Mholanzi huyo: sisi tunavua dagaa hapa, tunaanika hapa, wakifika Dar es Salaam wanaitwa dagaa wa Mwanza.

Ya Kithai haina mafuta. Unalazwa mkekani na nguo zako, halafu mtu anakuvuta, anakukunja na kukukandamiza kwa viwiko na magoti. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019. Pongezi kwao, ila mimi kwa umri huu nikikunjwa, nani atanikunjua? Ipo ya Kijapani, ya kukandamiza kwa vidole gumba. Ipo ya miguu, ambayo wenyewe wanadai kila kona ya unyayo imeunganishwa na kiungo fulani ndani, hapa ini, pale moyo. Unyayo ukikandwa unapata raha kweli, lakini ramani hiyo haijathibitishwa na kipimo chochote cha maana. Na ipo ya mawe ya moto, ambayo ndiyo ghali kuliko zote pale. Musoma! Mji wenye majabali kila upande unaotazama, watu wanajenga nyumba kwa kuyakwepa, na mimi nilipie jiwe?

Singo ya Zanzibar haikuwemo. Wenzetu wa visiwani wanamsinga bibi harusi kwa asumini, mlangilangi na mawaridi, mtu anatoka ananukia mtaa mzima. Kwenye bango la Musoma, mji wa samaki, ndiyo ingeanza. Basi, tumeachiwa mawe.

Nikachagua ya bei ya chini, isiyo na nchi, imeandikwa "ya mashine". Kijana akajifunga mgongoni mwa kiganja kile kidude kinachotetemeka, akanilaza kifudifudi, akaanza upande wa kushoto. Meno yaligongana. Akaniuliza najisikiaje, nikajibu "n-n-nzuri", na hapo umeme ukakatika. Tulisubiri. Haukurudi. Nilitoka upande wa kushoto uko likizo, wa kulia bado uko kazini, na nikalipa yote, kwa sababu kijana alisema kukatika kwa umeme si kosa la saluni. Swali pekee aliloniuliza kabla ya kunigusa lilikuwa kama nalipa taslimu au kwa simu.

Mke wangu aliponiona napanda kitanda kiubavu, hakubishana tena. Alimwita bibi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye kazi yake tangu tumjue ni kukanda wazazi waliojifungua. Akaja na taulo lake na kanga ya kufunikia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akaniangalia bila haraka.

"Ulianguka?"

"Hapana, bibi."

"Miguu inakufa ganzi? Mkojo unatoka vizuri? Una homa?"

Nikajibu yote, mke wangu akisikiliza hayo ya mkojo kwa umakini usio wa lazima. Bibi akanikunjia suruali, akalinganisha mashavu ya miguu. Akasema mguu mmoja ungekuwa umevimba na una maumivu asingenishika, angenipeleka hospitali. Huyu hajasoma bango lolote, lakini anajua kwamba damu ikiganda kwenye mshipa wa mguu, ukikanda unaweza kuisukuma ikaenda kuziba mapafuni. Wachezaji wa uwanja wetu wa mtaani, wanaomrukia kila aliyeteguka na kuanza kumvuta mguu kabla hajajulikana kama amevunjika, wangefaa kuja kukaa darasani kwake.

Maji yalikuwa yanachemka kwenye sufuria, akakataa kuyatumia hivyo hivyo. Aliyapoza kwenye beseni, akachovya taulo, akalikamua, akaligusisha kwanza mkononi mwake, upande wa ndani. Kuna wakandaji wanaowamwagia wazazi maji ya kuunguza kwa imani kwamba yakiwa makali ndiyo yanafanya kazi, na kina mama wanaishia wodini na malengelenge. Huyu hapana. Taulo likatulia kiunoni, akalibadilisha lilipopoa, akalibadilisha tena. Kisha akapaka mafuta ya nazi, akapitisha vidole gumba kando ya uti wa mgongo, taratibu, bila kugusa mfupa.

"Bibi," nikasema, uso uko kwenye mto, "faida zake ni nini hasa?"

"Utalala."

"Basi?"

"Unataka nini tena?"

Nililala. Na kinachoniudhi ni kwamba hata wakubwa wako upande wake. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2017: maumivu ya kiuno ambayo hayajakaa muda mrefu, usikimbilie vidonge kwanza, mengi yanapoa yenyewe, na ya kujaribu ni joto, kukandwa na kadhalika. Ushahidi wa joto waliuita wa wastani. Wa masaji, dhaifu. Maana yake lile taulo la bibi lina cheti kuliko Sweden nzima. Zaidi ya hapo walisisitiza mtu asikae tu, aendelee kujishughulisha, na bibi naye alisema stuli yangu haina mgongo na mimi mwenyewe siinuki tangu asubuhi mpaka boti ya mwisho.

Kijiweni, bodaboda anasema si alisema ni mishipa. Mpiga debe anasema pingili imerudi. Kijana wa saluni anadai mashine yake huwa inachelewa kufanya kazi. Na nyumbani kwangu sasa kuna kliniki: mke wangu kila bibi akija, halafu shemeji, halafu mama muuza dagaa, wote migongo imewakumbuka. Wanaanza wao, mimi nafuata kama maji hayajapoa. Mkaa wa kuyachemsha nanunua mimi.