Kivuli cha Mheshimiwa

Mshumaa ndio ulionifungua macho. Niliuacha juu ya dashibodi asubuhi, mzima, mweupe, umesimama ndani ya kikombe cha bati ukingoja usiku, nikaingia soko la Mutomo kutengeneza cherehani mbili. Niliporudi alasiri niliukuta umeinama mbele hadi utambi umegusa plastiki, kama mzee aliyepitiwa na usingizi kanisani. Nikaunyoosha. Ukakubali, ukasimama kidogo, kisha ukalala upande wa pili. Nikaachana nao, nikashika usukani nisogeze gari, nikauachilia papo hapo, na nikasema neno ambalo mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo ya maembe alijifanya hakulisikia.

Gari lenyewe ni HiAce kuukuu, ile ya umbo ambalo watu waliita "shark", iliyostaafu umatatu. Ukitazama ubavuni jua likipiga upande, chini ya rangi ya kijivu utauona mstari wa manjano wa enzi za Michuki, waziri aliyeamuru matatu zote ziuvae, ukichungulia. Nilitoa viti vya nyuma nikaweka kitanda cha mbao, jiko dogo la gesi, sanduku la sindano na bobini, na nafasi ya vichwa vya cherehani kama kumi hivi. Humo ndimo ninamolala siku nne kwa wiki nikizunguka Kitui, Mutomo, Ikutha, Kibwezi, Makindu hadi Wote. Ilipotandikwa lami kutoka Kibwezi kwenda Kitui, safari iliyokuwa ikinila siku nzima ya vumbi ikawa ya saa chache, kwa hiyo siku hizi nina muda mwingi zaidi wa kuegesha juani. Nasikia Wazungu wana magari kama haya yenye sinki na choo, na wanayaita nyumba. Mimi naliita gari. Mke wangu huliita "kwako", kama anavyouliza kwenye simu: "Leo unalala kwetu au kwako?"

Aliyeunda HiAce aliiweka injini chini ya makalio ya dereva. Nairobi, mwezi wa Julai, hilo ni jambo la kumshukuru. Lakini Kitui mjini iko kusini ya ikweta kwa digrii moja na ushee tu, na mwishoni mwa Septemba, na tena katikati ya Machi, jua hupita juu ya utosi kabisa. Simama Kitui mjini saa sita na dakika ishirini hivi za mchana utazame chini: kivuli chako kimeingia ndani ya viatu. Wakati huo dereva wa HiAce ana moto juu na moto chini, na hana tofauti na chapati isipokuwa kwamba chapati hugeuzwa.

Mtu ataniuliza: si uegeshe chini ya mti? Anayeuliza hivyo hajapata kutafuta mti Kitui mjini. Kila mwarobaini una hatimiliki. Huu ni wa watu wa boda, ule ni wa mama wa chai, na ule uliojitenga, unaoonekana mtupu kwa mbali, una fundi wa viatu aliyeketi nyuma ya shina tangu kabla hujazaliwa. Siku moja nilizunguka mji mara sita nikitafuta pa kujibanza. Nilipoanza mzunguko wa saba nikalikumbuka Jiwe la Nzambani, lililo kilomita chache tu kutoka hapo, ambalo wazee husema ukilizunguka mara saba, mwanamume unageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Sikutaka kujaribu kama nguvu zake zinafika hadi stendi. Nikaegesha juani.

Na huko Makueni kwenye miembe, msimu ukifika, mti unakupa kivuli mchana na kukudai usiku. Embe moja likiangukia bati saa tisa za usiku, wewe umelala chini ya hilo bati, utakiri madhambi ambayo hujayatenda.

Basi nikaamua kununua, au kubuni, kitu cha kuziba vioo vya mbele. Nilianza na leso ya mke wangu, kwa sababu ilikuwepo na haikuwa na bei. Niliitundika kwa ndani, nikaibana juu na vile vibao vya kukinga jua, nikaenda zangu. Sikusoma maandishi. Mwanamume gani husoma leso? Mjini Wote, hata hivyo, leso husomwa. Nilikuwa nimeegesha mbele ya meza ya mama mmoja muuza nyanya, na leso yangu ilikuwa imemwelekezea uso kutwa nzima: HASIDI HANA SABABU. Jioni nilipomsalimu hakuitikia. Siku ya soko iliyofuata nilimkuta amefunga leso mpya kiunoni, na nilipokaribia akainuka na kunigeuzia mgongo polepole ili nisikose herufi hata moja: MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Nilinunua nyanya kilo tatu ambazo sikuzihitaji.

Na joto? Leso haikupunguza kitu. Ilipata moto yenyewe na kunikabidhi.

Baada ya hapo nikajaribu zile nyavu nyeusi zenye vikombe vya mpira vinavyonyonya kioo. Hazistahili aya. Mpira ukipata joto unalegea, wavu unadondoka, na wangu ulidondokea ndani ya chai.

Emali ndiko nilikokutana na kile kitu cha kung'aa. Pale barabara ya Mombasa inapoachana na ile ya Loitokitok, gari likipunguza mwendo tu, wachuuzi wanakuwa wamefika dirishani na vitunguu, chaja za simu, na siku hiyo, karatasi kubwa la fedha linalokunjika kama kinanda cha kuvuta. Kijana alilikunjua mbele yangu mara moja, likanimulika, nikawa nimeshashindwa. Alitaka mia nane, nikampa mia tano, sote tukaagana kila mmoja akimhurumia mwenzake. Lilikuwa limekatwa kwa gari dogo. Kioo cha HiAce ni kama ukuta wa sebule; karatasi lile lilifunika upande wa dereva likaachia upande wa abiria wazi, gari likaonekana limetolewa jino. Nikarudi wiki iliyofuata nikanunua la pili. Safari hii aliniuzia kwa mia sita, kwa kuwa mteja mwenye shida ya nusu hujulikana.

Ukweli usemwe, hilo lilisaidia. Usukani ulishikika. Tatizo ni kwamba mwanga ukirudishwa hauendi kwao, huenda kwa jirani. Nilikuwa nimeegesha mkabala na krusedi, mhubiri yuko jukwaani, spika mbili, watu wamejaa. Mimi nilikuwa nyuma ya gari nafungua kichwa cha Singer, nikasikia sauti imekatika katikati ya neno. Nikachungulia. Pande la mwanga, jeupe, lenye ukubwa wa mlango, lilikuwa limemshukia mhubiri kifuani na linampanda shingo polepole kadiri jua linavyosogea. Mama mmoja alipiga magoti. Mhubiri, ambaye kutoka pale juu bila shaka aliiona HiAce vizuri kuliko mtu yeyote, alifumba macho, akainua mikono, na kuendelea kwa sauti ya juu zaidi. Nilijiona sina mamlaka ya kulitoa lile karatasi. Nililiacha mpaka mwanga ulipopita ukaenda kwenye choo cha soko.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu wa fizikia wa shule moja ya wasichana, ambako nilikuwa nimekwenda kutengeneza cherehani za darasa la ushonaji. Alinikuta nimesimama nje ya gari milango yote wazi, nalisubiri lipoe, akacheka kama watu wa fizikia wanavyocheka, yaani kwa huruma. "Mzee, nuru hupita kwenye kioo bila kubisha hodi," akasema. "Ikifika kwenye dashibodi yako nyeusi inageuka joto. Sasa hilo joto likitaka kutoka, kioo kinalikatalia. Ndani ya saa moja unaweza kuwa nyuzi 20 na zaidi juu ya joto la nje, na sehemu kubwa ya hizo unazipata nusu saa ya kwanza." Nikamwambia huwa nashusha kioo kidole kimoja. Akasema kidole kimoja ni heshima tu, hakibadilishi kitu. Kuhusu leso alisema mgeni akishaketi sebuleni, kufunga pazia si kumfukuza. Lile karatasi la fedha lina afadhali kwa kuwa linamgeuza mgeni mlangoni, ila tayari amekanyaga zulia. "Kama unataka raha, zuia nje. Kabla ya kioo."

Nje! Nilikuwa sijawaza nje. Nikachukua gunia la katani lililokuwa limebeba ndengu, nikalikata, nikalishona vipande viwili kwa mshono wa zigizagi ambao mpaka leo najivunia, nikalifunga kwa kamba kwenye vioo vya pembeni na kulibana chini kwa waipa. Kwa muda wa saa mbili, karibu na Ikutha, nilikuwa na chumba cha mbele baridi kuliko ofisi nyingi za serikali. Nililala usingizi wa kweli. Niliamshwa na kitu kama mtu anayepasua kitambaa dukani. Mbuzi wawili walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, kwato za mbele kwenye pua ya gari, kila mmoja ameuma pembe yake ya gunia kama mafundi wanaopima shuka. Wa tatu alikuwa chini anatafuna mshono wangu wa zigizagi. Nilipopiga honi walinitazama, hawakuacha. Mbuzi wa Ukambani anayekula mgunga wenye miba urefu wa kidole atatishwaje na honi?

Nilimweleza mke wangu. Alisikiliza yote, pamoja na kisa cha leso yake, ambacho nilikifupisha, kisha akasema mbuzi hawali turubai nene, na kwamba turubai liko nyumbani kwa kaka yake. Shemeji alikuwa amemfanyia kampeni mgombea mmoja mwaka 2022, na mambo yalipoharibika tarehe 9 Agosti, malipo yake yaliyobaki aliyachukua kwa mabango. Anayo mengi. Kibanda chake cha kuku kimeezekwa kwa ahadi ya barabara.

Mke wangu alilikata moja, akalipiga pindo, akalitia vitanzi vya kamba kwenye pembe nne na sumaku kidogo kwenye kingo ili upepo usilichezee. Kazi safi. Lilikaa kwenye kioo cha HiAce kama lilizaliwa nacho. Upande mmoja ni wa kijivu. Upande mwingine ni Mheshimiwa, kuanzia kifuani kwenda juu, mkono umeinuliwa, meno thelathini na mawili. Nilipofika Wote nilimweka nje, kwa sababu rangi yake ilikuwa nyeupe zaidi na mwalimu alishasema nyeupe inarudisha nuru. Nikajilaza nyuma.

Hodi ilipigwa baada ya dakika kumi. Nje walikuwepo akina mama watatu, mzee mmoja, na kijana aliyesimama pembeni kidogo.

"Tumesikia Mheshimiwa amerudi," mzee akasema.

"Hayupo, mzee wangu. Mimi ni fundi wa cherehani."

"Hata yeye alipokuja alisema ni mtu wa kazi." Akanyamaza ili niione haki yake. "Tumekuja kwa ajili ya lile bomba la kisima."

Nilifungua mlango wa nyuma wajionee kitanda, jiko, vichwa vya cherehani. Walitazama kwa makini, kama wakaguzi. Kijana akauliza kama basi hata ya soda haipo. Mama mmoja akainama, akagusa gurudumu la Singer, akasema yake nyumbani inaruka mishono tangu Krismasi. Nikamwambia ailete. Ilikuwa ni sindano tu, imewekwa kinyume, na uchafu wa pamba chini ya meno. Sikumtoza. Sijui kwa nini. Nadhani ni lile bango. Basi Mheshimiwa akawa ametimiza ahadi moja.

Tangu siku hiyo namgeuzia ndani. Kijivu kiko nje, watu wananipita kwa amani, usukani unashikika hata saa nane, na mshumaa wa sasa umesimama wiki ya tatu. Gharama yake ni kwamba nikiamka alfajiri, nikivuta pazia la kitanda, kuna mtu mkubwa kuliko mimi ananichekea mkono juu. Tumezoeana. Yeye haombi kura, mimi simuulizi kisima.

Sikuhesabu kivuli cha upande wa pili. Gari likisimama alasiri, ubavu wake wa mashariki hutoa kivuli chake, kirefu, cha bure, na mahali ambapo miti ina wenyewe kitu kama hicho hakikai bila watu. Juzi Kibwezi niliwakuta wazee wanne wameketi kwenye kreti za soda wakicheza drafti kwa vizibo vya chupa. Mkubwa wao wote wanamwita mutumia. Neno hilo kwa Mkamba ni mzee mwanamume wa kuheshimiwa, na kwa Mkikuyu ni mwanamke aliyeolewa, kwa hiyo mutumia akisafiri kutoka Kibwezi hadi Nyeri ameshageuka bila kuzunguka jiwe lolote. Nilimsalimu, nikamwambia kwa adabu kwamba natakiwa niwe Makindu kabla ya giza.

Hakuinua macho ubaoni. Aliruka vizibo viwili vya mwenzake, akavikusanya, akaangalia jua lilivyoanza kumla mguu wa kushoto.

"Fundi," akasema, "kabla hujaenda popote, sogeza gari mbele kidogo. Kivuli kinatuhama."

Nikapanda, nikamkunja Mheshimiwa nusu, nikasogeza.