Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Ubuntu

Kwa Idara ya Ajira, Canonical, London.

Wakubwa,

Pokeeni salamu za Lubumbashi, mji uliopimwa na kupimwa tena. Zamani za Union Minière, kampuni ya migodi iliyozaliwa 1906, kijana hakushika sururu kabla daktari hajamkagua mwili. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni hiyo ilianza kutoa mikataba ya miaka 3, na aliyefaulu alipata nyumba na posho. Hongereni basi, maana mmempita yule daktari mbali. Yeye alitazama mwili tu. Ninyi mnataka kujua mtu alikuwa wa ngapi darasani.

Sifa zenu hazikataliwi. Tangu 2004 mnatoa Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, bure, na kijana wa mitaa yetu ya Kenya au Katuba anauweka kwenye kompyuta kuukuu bila kulipia leseni. Wafanyakazi wenu wengi hufanyia kazi nyumbani, kwa hiyo mwombaji halazimiki kuhama nchi. Katika mji ambao kampuni ya migodi ya Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kati ya 2003 na 2004, tangazo kama lenu husomwa mara mbili, kisha hutumwa kwa shemeji.

Ndipo inapokuja ile insha yenu.

Waombaji wa nchi nyingi wameieleza hadharani: makumi ya maswali ya kujibu kwa maandishi kabla hata ya kuonana na mtu, na miongoni mwake yamo yanayohusu sekondari. Hesabu ulizipataje? Lugha je? Ulishika nafasi gani? Anayeulizwa huenda ana miaka 40 na watoto ambao nao wako sekondari. Mtu wa Lubumbashi akifungua sanduku, anakuta Diplôme d'État yake, cheti cha kumaliza sekondari, inataja asilimia tu. Nafasi iliandikwa kwenye buletini, ripoti ya shule, na buletini ilihama nyumba mara nyingi kuliko mwenyewe. Anachokumbuka vizuri ni siku matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali, yalipotoka: jamaa walimmwagia poda nyeupe kichwani, mtaa mzima ukajua amefaulu. Tunaomba mtuelekeze poda hiyo inaambatanishwa vipi.

Akivuka hapo, kuna majaribio ya akili yanayohesabiwa kwa dakika. Je, aliyezipanga dakika hizo anaijua SNEL, shirika letu la umeme? Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi migodi ya Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, ilikamilika 1982 ili kuilisha, na mpaka leo mitaa ya Lubumbashi hulala gizani huku migodi ikiwaka taa. Mwombaji mwenye akili huanza kwa kuazima jenereta. Hilo halina alama kwenye jaribio, ingawa pengine ndilo lingewaonyesha fundi ni nani.

Baada ya hapo ni mahojiano, na mengine juu yake, na wapo waliosema walizungushwa kwa miezi kisha wakapata barua fupi isiyotoa sababu, au wasipate kitu.

Wenzenu nao wamejikwaa. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, alikiri kwamba mafumbo yao ya kwenye usaili yalikuwa kupoteza muda. Miaka 2 baadaye Google hiyohiyo ilimkataa Max Howell, aliyetunga Homebrew, programu ambayo wahandisi wao wenyewe walikuwa wakiitumia. Facebook ilimkataa Brian Acton 2009. 2014 ikainunua WhatsApp, aliyoianzisha pamoja na Jan Koum, kwa dola zipatazo bilioni 19. Usaili wa bei ghali hivyo haujapata kuonekana Katanga.

Huku kwetu watu hulalamika kwamba kazi hupatikana kwa branchement, yaani kujuana, na wana haki ya kulalamika. Lakini mjomba mwenye branchement, hata akikunyima, hupokea simu.

Kwa hiyo ombi ni dogo, wakubwa. Andikeni kwenye tangazo hatua ni ngapi na zitachukua wiki ngapi. Mtu aliyekwisha fanya kazi miaka 5 msimuulize tena habari za darasani. Umeme ukikatika, aruhusiwe kurudia jaribio. Na mkimkataa, mwambieni kwa nini, kwa sentensi 2 tu. Yeye aliwaandikia kurasa nyingi.