Heshima kwa Matope, Mkaguzi Mkuu wa Magari

Kila gari jipya likiteremshwa Kindu hufanyiwa ibada. Wakristo humwita padri alinyunyizie maji, Waislamu humwita shehe alisomee dua, na wale ambao hawako huku wala kule hulimwagia bia tairi la mbele, kisha chupa zinazobaki wakazimaliza wenyewe. Sina ugomvi nao. Ninachodai ni haki ya mmoja ambaye haalikwi kamwe na hapewi hata soda, ingawa ndiye atakayeishi na gari hilo mpaka liwe chuma chakavu. Nayasemea matope.

Nimewasikia watu wakiyatukana. Dereva anayatukana, mfanyabiashara anayatukana, na mgombea naye kila msimu wa kura huahidi kuyafukuza. Mgombea huja akaenda zake, matope yapo. Nionyesheni huduma nyingine ya umma hapa Maniema inayofika mpaka kijiji cha mwisho, isiyofunga Jumapili, isiyogoma kwa mshahara, na ambayo haijawahi kukujibu kwamba mhusika yuko misheni Kinshasa.

Ukoo wake nao si wa jana. Novemba 1876 Stanley alitoka Nyangwe kuelekea kaskazini, akisindikizwa kwa mkataba na Tippu Tip, na mashua yake Lady Alice imefunguliwa vipande vipande ikapandishwa mabegani mwa watu. Msitu ulikuwa unavuja juu na kuteleza chini. Tippu Tip alikuwa ameshazunguka sehemu kubwa ya bara hili akitafuta pembe za ndovu, lakini siku chache za njia ile zilimtosha kuomba afunguliwe mkataba, na mwisho wa Desemba akageuka akarudi. Wabelgiji waliokuja baadaye waliona bora wasishindane. Pale Lualaba ilipotulia wakaweka meli, pale iliporuka mawe wakaweka reli: Kisangani hadi Ubundu reli, Ubundu hadi Kindu meli, Kindu hadi Kongolo reli tena. Mji wetu ulinenepa kwa kazi ya kuhamisha mizigo kati ya behewa na meli, ili mizigo hiyo isikanyage chini. Hebu fikirini ni mheshimiwa gani mwingine aliyejengewa reli ili watu wasikutane naye.

Gari ninalotaka kulisimulia lilikuja kwa njia hiyohiyo ya kukwepa: juu ya behewa kutoka Lubumbashi, kupitia Kamina, Kabalo na Kongolo, limefunikwa turubai, kwa treni ambayo mwenye adabu haulizi itafika lini. Ni Land Cruiser ya ukoo wa 70, ile ya milango minne ubavuni na nafasi ya mizigo nyuma, ambayo sura yake imebadilika kidogo mno tangu 1984. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa mafuta ya mawese. Dereva wake alikuwa na malaria, kwa hiyo akanikabidhi mimi ufunguo nimpelekee watu Kalima, viti vyote bado vimevalishwa nailoni ya kiwandani. Akanionya nisiitoe. Kwa hiyo mambo ya kwanza niliyoyajua kuhusu gari lile ni joto la mgongo na kuteleza kila nikifunga breki.

Kwenye lami ya katikati ya mji lilinivunja moyo kabisa. Ukizungusha ufunguo unangoja kwanza taa ndogo ya koili izimike, ndipo motere inaamka kwa kishindo cha mawe ndani ya debe, na kioo cha pembeni kinatetemeka hata anayekufuata unamwona ni watu wawili. Motere yenyewe ni ile ya 1HZ iliyoanza kutengenezwa 1990: silinda sita, lita 4.2, haina turbo. Ukikanyaga, inafikiri kwanza. Karibu na soko nilipitwa na pikipiki ya teksi iliyobeba watu wawili na mbuzi, na mbuzi akageuka kuniangalia. Nikajiuliza pesa zote zile zililipiwa nini. Lami haikuwa na jibu, kwa sababu lami haina swali la kuuliza: juu yake kila gari ni gari.

Swali lilikuwa ng'ambo. Kindu haina daraja juu ya Lualaba. Ukitaka kwenda Kalima lazima uvuke kwanza mpaka Alunguli, gari likiwa juu ya kivuko na mitumbwi ikikupita pande zote mbili. Toka hapo mpaka Kalima, kwenye machimbo ya bati, ni kama kilomita 100. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Shimo lenyewe lilikuwa mahali ambapo njia inashuka kidogo kati ya mianzi. Malori yaliyotangulia yalikuwa yamechimba mifereji miwili iliyojaa maji ya rangi ya kahawa ya maziwa. Katikati ya mifereji ulibaki mgongo wa udongo ulionyolewa na matumbo ya magari hata ukang'aa, na juu yake madoa meusi ya oili. Kila aliyepita alikuwa ameweka sahihi. Pembeni walikaa vijana wenye makoleo, magogo na mawe, hawana haraka yoyote, wanalitazama gari letu jeupe kwa macho ya mapadri wanaongoja muungamaji.

"Papa, gari ni la mupya," akasema mkubwa wao, "lakini hili shimo ni la zamani. Mugeni ndiye anasalimiaka mwenyeji."

Salamu ilikuwa franga elfu mbili.

Hapo ndipo matope yalipoanza ukaguzi, na yalianza na abiria. Magurudumu ya mbele ya gari lile hayavuti mpaka mtu ashuke akafunge kwa mkono vile vitovu vyake, kimoja kulia na kimoja kushoto. Mtu aliyekuwa karibu zaidi na mlango ni mheshimiwa fulani mwenye viatu vya ngozi ya mamba, vyenye ncha ya kuandikia. Tangu kivukoni alikuwa akitueleza jinsi anavyojuana na kila mtu mjini. Alishuka. Matope hayakumuuliza anajuana na nani. Yalimpokea mpaka nusu ya soksi, sawasawa na yalivyompokea mama mmoja aliyekuwa akivuka na beseni la mihogo kichwani, isipokuwa mama yule alikuwa peku, na alifika ng'ambo kabla ya mheshimiwa kuupata mguu wake wa pili. Katiba yetu inasema Wakongo wote ni sawa mbele ya sheria. Pale mianzini niliona ibara ile ikitekelezwa.

Nikaingiza lever ndogo, nikaweka gia ya kwanza ile fupi kabisa, nikaondoa mguu wangu. Gari likaingia majini lenyewe. Na zile kelele zilizoniaibisha sokoni sasa zilikuwa na kazi: motere ilivuta polepole, haikupandisha sauti wala kuomba mazutu zaidi, matairi yakatafuta chini yakapata, usukani ukacheza mikononi, maji yakapanda mpaka kizingiti cha mlango, mheshimiwa akaanza kusali kwa Kilatini. Tulitoka upande wa pili na mazungumzo yakabadilika.

Mafundi wataeleza vizuri kuliko mimi. Motere ya mazutu, yaani dizeli, haina bujii. Inabana hewa mpaka inakuwa moto mkali, halafu mazutu yakinyunyizwa humo yanawaka yenyewe, kwa hiyo hakuna waya wa cheche wa kulowa maji katikati ya shimo. Tena nguvu zake huja ikiwa inazunguka polepole, na polepole ndiyo lugha pekee ambayo matope huisikia. Mwenye gari la esansi hukanyaga kwa hasira, magurudumu yakazunguka bure na kuchimba, na vijana wa makoleo wakaanza kuhesabu. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeifikisha motere hii kwenye kufanya kazi vizuri mwaka 1897 mjini Augsburg, hakuwahi kuyaona matope ya Maniema, maskini. Lakini kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 motere ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Sisi tunaolima karanga tunazikaanga na chumvi, kisha tunasubiri mazutu yatoke nje ya nchi, yatufikie kwa pipa na kwa chupa, yamechanganyika na maji kidogo.

Maji hayo ndiyo yanayonifanya niyaamini matope kuliko maabara yoyote. Dizeli za kisasa za Ulaya zina kichujio cha masizi, zina tangi la dawa ya urea ya kusafisha moshi, zina kompyuta inayohesabu kila tone. Ni mashine nzuri, na hewa yao ni safi kuliko ya kwetu; ila moja ikinywa chupa mbili za Kadafi, muuza mafuta wa njiani hapa, taa zote za dashibodi zinawaka kwa pamoja, na kompyuta ya kuisoma iko mbali kuliko treni. Nao wenyewe waliokuwa wakizipima walidanganywa. Septemba 2015 Wamarekani walifichua kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu inayotambua gari likiwa kwenye mtihani, likatoa moshi wa adabu, kisha likirudi barabarani likaendelea na ushenzi wake. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Lete programu hiyo kwenye njia ya Kalima. Matope hayatangazi mtihani, na hayapokei bahasha.

Wasioyajua husema kwamba yanaharibu uchumi. Mbona yameajiri! Wale vijana wa makoleo ni kampuni kamili: wana zamu, wana mhasibu, wana idara ya utafiti inayojua lori la nani linakuja na limebeba nini. Sitaki kuwasingizia, ingawa ipo minong'ono kwamba shimo likianza kukauka usiku hupelekewa ndoo chache za maji. Kampuni gani isiyotunza mtaji wake? Nyuma yao kuna muuza ndizi za kukaanga, kwado wa kuziba pancha, na fundi anayenyoosha vyuma chini ya mwembe. Mzee mmoja alinikumbusha kwamba zamani za Mobutu shimo kama lile lingefukiwa kwa salongo, kijiji kizima kikitoka bure na jembe. Alisema kwa huzuni. Hakusema kama huzuni ilikuwa ya salongo au ya shimo kufukiwa.

Na kumbukumbu yao! Kiangazi kikiingia, kuanzia Juni hivi, ile mifereji hukauka ikawa migumu, na kila kilichopita wakati wa mvua kimeandikwa humo: tairi pana la lori, kamba nyembamba ya baiskeli iliyosukumwa ikiwa na mafuta ya mawese, kwato, nyayo za mtoto aliyekimbia. Gari dogo likiingia kwenye mfereji wa lori linabaki humo kama andiko linavyotaka, mpaka andiko liishe. Hakuna masijala ya serikali inayotunza nyaraka vizuri hivyo.

Kuna sifa moja nitaipita haraka. Nilikutana na pikipiki iliyombeba mama mjamzito katikati, dereva mbele na shangazi nyuma akimshikilia, inakwenda Kindu kutafuta daktari. Nikawapisha. Shimo halikuwapisha, na vijana, kusema haki, waliwabeba mikononi wote watatu bila kudai franga. Matope yana wasifu mrefu. Hili mimi siliandiki kwenye wasifu wao, wala bei ya chumvi Kalima siiandiki.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya gari lile ni hii: mjini ni kero, linapiga kelele, linapitwa na mbuzi, na nailoni ya viti itolewe leo. Njiani sijaendesha linalolizidi. Mwenyewe aliponiuliza limekwendaje nilimwonyesha milango, iliyokuwa nyekundu mpaka vishikio, akataka kukasirika, kisha akazunguka gari polepole akaanza kutabasamu. Sasa lilikuwa limeandikishwa.

Ninalo ombi kwa wakubwa wanaokuja kufungua barabara zilizotengenezwa. Msije Julai, wakati vumbi linapendeza kwenye picha na utepe unakatwa juu ya udongo mkavu. Njooni Novemba, asubuhi baada ya mvua, na magari yenu mapya, na mkae upande wa mlango. Njooni na koleo, kamba ndefu na soksi za akiba. Salamu za mwenyeji mlete kwa noti za mia tano, maana pale mianzini chenji haipatikani.