Kimya Kinauzwa Wapi Tandika?

Mwandishi wa sanaa na utamaduni wa redio ya umma, akitumwa Temeke au Kinondoni, hukabidhiwa kinasa sauti, betri za akiba na nauli ya daladala. Kimya hapewi. Hicho ajitafutie mwenyewe.

Kule Tandika alimkuta bibi mmoja kibarazani, kungwi wa siku nyingi, akamwomba azungumzie ngoma za unyago, zile zinazoruhusiwa kusikika mchana. Bibi akakohoa, akajifunga vizuri khanga, akaanza. Papo hapo likapita toroli lenye kipaza sauti: sumu ya panya, mende, kunguni!

"Mjukuu wangu, hebu simamisha hicho kidude," bibi akasema. "Muite huyo, panya wamenimaliza."

Panya wakanunuliwa sumu, mazungumzo yakaanza upya, jogoo naye akadakia. Baadaye akasogea mpita njia: "Dada mtangazaji, naomba niwasalimu wa nyumbani Masasi." Salamu zake ndizo pekee zilizonaswa safi, bila jogoo wala toroli.

Zamani safari ilikuwa ya upande wa pili. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyopewa jina hilo mwaka 1965, bendi kama NUTA Jazz, baba wa Msondo Ngoma ya leo, ndizo zilizobeba magitaa na tarumbeta hadi studio za Barabara ya Pugu. Walipiga wote kwa pamoja. Mmoja akiteleza, wimbo unarudiwa. Ilikuwa adha, lakini adha yenye mlango unaofungwa.

Sasa studio ziko vyumbani mwa watu, na redio ndiyo inayopiga hodi. Singeli, muziki wa Tandale, Manzese na Mbagala, imekua hivyo. Albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na lebo ya Kampala mwaka 2017, chimbuko lake ni studio ya Mburahati. Midundo ya singeli huweza kupita 200 kwa dakika, kwa hiyo mhariri alipoletewa singeli aliyoinasa dada huyo, hakuuliza habari za wasanii. Aliuliza kama kinasa sauti kimeharibika, mbona kinakimbiza?

Basi ukimwona dada huyo Mbagala Zakhem, kafumba macho katikati ya bajaji, maikrofoni juu, usimpigie honi. Na tafadhali, usimuulize itaonyeshwa saa ngapi kwenye televisheni.